Tupeane uzoefu: waliofika Tübingen, kile kimji cha mto Neckar kusini mwa Ujerumani

Kiboriloni
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu kapata chuo Stuttgart, anaondoka mwezi wa tisa, na kila siku ananiuliza wikiendi atakuwa anakwenda wapi, mara München mara Paris, nikamwambia tulia kwanza, panda treni ya mkoa kama saa moja tu ushuke Tübingen. Sasa nataka mnisaidie, aliyefika aseme alikutana na nini, mazuri na mabaya, nitamtumia uzi wote asome.

Naanza mimi. Nilienda Julai na jamaa mmoja wa kazini, na kilichonivuta wala si historia, ni kwamba Tübingen na Moshi ni miji dada tangu 2014, nikasema hawa ndugu zetu lazima niwaone wanaishije. Kutoka stesheni unatembea dakika chache unafika darajani, maua yamepangwa ukutani huku na huku, na hapo ndipo watu wote wanasimama kupiga picha, maana ukiangalia kushoto kwako unaona nyumba za rangi za njano, pinki, kijani, zimebanana juu ya ukuta wa mto mpaka unajiuliza ya katikati ikibomoka zingine zitasimama na nini. Chini ya ukuta kuna nyumba ya njano ya duara kama mnara, hiyo ndiyo alikaa mshairi Hölderlin, alichanganyikiwa akili, fundi seremala mmoja akamchukua akamtunza na familia yake, akakaa humo miaka 36 mpaka alipofariki 1843. Yule seremala ndiye kanigusa kuliko mshairi mwenyewe, miaka 36 jamani, wakati mgeni akizidisha siku tatu tunampa jembe.

Kosa langu: nilizunguka juu mjini kutwa nzima, soko, kanisa, ngome, nikapiga picha mia, nikarudi zangu stesheni. Nimefika ndani ya treni jamaa ananiuliza, hivi mbona hatukushuka mtoni? Daah. Nilikuwa nimeuona mto toka juu tu kama mtu anayeangalia pilau dirishani.

mama_wa_kamande
Haha pole mkuu, hata mimi mara ya kwanza nilifanya hivyo hivyo. Kuna kisiwa katikati ya mto, chembamba, kirefu, ngazi zake unazikuta palepale kwenye daraja lakini watu wanazipita tu. Shuka. Chini kuna njia ya miti mikubwa imepandwa mistari miwili, mikuyu ya kizungu sijui niiiteje, magamba yake yanabanduka madoadoa kama suruali ya jeshi. Ukitembea huko unatazamana na zile nyumba uso kwa uso na kivuli chake ni cha bure.

Mimi ni Mkenya niko huku kama opea, watoto ninaowalea wako kijiji cha karibu. Siku ya kwanza ilikuwa Jumapili, sikubeba hata maji, nikasema nitanunua mbele. Mbele wapi! Jumapili maduka yote yamefungwa kama kuna msiba wa kitaifa, ni mikahawa tu. Nikaingia mahali nikaagiza kahawa ya kubeba, bili ikaja na senti 50 juu yake, nikadhani nimeibiwa, nikaanza kubishana na Kijerumani changu cha miezi miwili, kumbe ni kodi ya mji. Tangu 2022 ukichukua kikombe cha kutupa unalipa senti 50, uma na kisu vya kutupa senti 20. Sasa hivi nina kikombe changu kwenye begi kama mwanafunzi wa nasari. Mwambie mdogo wako abebe chake.

Na ale dengu na tambi! Huku wanaita Linsen mit Spätzle, ni kamande kabisa zimepikwa na siki kidogo, juu soseji mbili. Nilipoonja nikakumbuka nyumbani ingawa mamangu angesema tambi na kamande ni wazimu.

Shela_damu
@mama_wa_kamande soseji za nini hizo? Sisi wengine tuwe waangalifu, ile chakula nyingine ya mfuko wa unga inayoitwa Maultaschen mara nyingi ndani mna nguruwe, uliza kabla. Döner, ile mikate ya kujaza nyama, ziko tele za halali usihangaike.

Haya na mimi niwape yangu, mtanicheka lakini basi. Huko kuna mitumbwi mirefu ya ubao, chini bapa, abiria mnakaa ubavuni mmeegemea mnatazamana miguu katikati, na mtu mmoja amesimama nyuma anasukuma na upondo. Wao wanaiita Stocherkahn. Za kulipia zinaondoka pale pale kwenye nyumba ya Hölderlin siku za joto, lakini wanafunzi wengi wana zao za nyumba wanazoishi, na rafiki yangu akanialika. Nilipoona upondo roho ikaniruka. Mimi mtoto wa Lamu, mikokoni kule maji yakitoka tunasukuma dau kwa upondo tangu tuko na meno ya maziwa, nikawaambia nipisheni.

Kusukuma nilisukuma, wakapiga makofi. Tatizo upondo wa kule ni mrefu, kama mita 7, si huu wetu, na chini kuna tope mahali mahali. Tumefika karibu na ncha ya kisiwa nikauchoma kwa nguvu nionekane, ukazama ukakataa kutoka na mtumbwi unaenda zake. Hapo una sekunde moja ya kuamua, ama ung'ang'ane na upondo ubaki umening'inia mtoni ama uuache. Kwetu tunafundishwa kuuacha, nikauacha. Basi tukawa watu kumi na moja ndani ya chombo bila upondo, tunapiga maji kwa mikono na kifuniko cha kreti, bata wanatupita, na upondo wangu umesimama nyuma katikati ya mto wima kama mlingoti. Mzee mmoja na mtumbwi wake akautoa akatuletea, hakusema neno, alinitazama tu. Faini yangu ilikuwa aiskrimu kwa watu wote. Mpaka leo wananiita kapteni.

fundi_saa
😂😂 wima kama mlingoti

Shela_damu
Cheka tu. Kuna mashindano yao kila mwaka, mara nyingi mwezi wa Juni, timu zimevaa vituko wanakizunguka kile kisiwa, na timu ya mwisho inanyweshwa mafuta ya samaki, yale ya ini tuliyokuwa tunashikwa pua utotoni. Mbele za watu ukutani na darajani kote. Ningekuwa nashindana siku ile ningekunywa pipa.

Bi_Mkomani
Assalam alaikum. Nimefurahi kuona uzi huu, mimi niko Reutlingen, ni jirani kabisa, Tübingen naenda kama mtu wa Kisauni anavyokwenda mjini.

Mwenye uzi kataja Moshi lakini kuna jambo jingine. Wale waliosoma Mombasa wanalijua jina la Krapf, yule mmishonari wa Rabai. Huyo ni mtoto wa hapa hapa, kazaliwa 1810 Derendingen, siku zile kijiji, siku hizi ni mtaa wa Tübingen, baba yake mkulima. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London 1882, yeye alikuwa kafa mwaka mmoja nyuma. Mimi nimekulia upande wa Nyali, na kaburi la mkewe Rosine liko upande huo, alifariki 1844 na kitoto chake kichanga, hata mwaka hawajatimiza Mombasa. Tulikuwa tunalipita tukienda chuoni wala hatujui ni nani. Kwa hiyo nikasema na mimi nende kwao, nikaone alikotoka huyu bwana aliyekuja kuandika maneno ya bibi zetu.

Nikapanda treni ndogo kituo kimoja tu kutoka stesheni kubwa. Nyumba za kawaida, bustani za matufaha, kijito, kanisa, kimya mpaka unasikia baiskeli ikija. Nikamuona mzee na mbwa wake, nikamuuliza kwa adabu zote, samahani, natafuta Krapf. Akaniuliza, Krapfen? Nikasema ndio, Krapf. Akanishika mkono mpaka kona akanionyesha duka la mikate!! Kumbe Krapfen ni yale mandazi yao ya kujaza jamu. Nikajaribu kumweleza, Afrika, mmishonari, kamusi, akatikisa kichwa akasema hapo ndio mazuri zaidi mtaa mzima.

Nikanunua mawili. Alikuwa mkweli.

Kiboriloni
Bi Mkomani umeniua 😂 nimesoma kwa sauti hapa nyumbani wote wanacheka. Nilikuwa najua ni huyo Krapf aliyeuona Kilimanjaro?

Bi_Mkomani
Hapana mwanangu, wa Kilimanjaro ni mwenzake Rebmann, 1848, akasema ameona theluji na wataalamu Ulaya wakamkatalia. Naye kwao ni Gerlingen, karibu na Stuttgart, mdogo wako atakuwa jirani yake. Krapf aliuona mlima Kenya mwaka uliofuata.

Kiboriloni
Asante mama. Bibi yangu Mchaga akisikia "aliuona wa kwanza" huwa anauliza kwani sisi tulikuwa tumefumba macho.

nesi_wa_Goma
Bonjour wote. Miye niko Bruxelles, nilienda kwa ndoa ya rafiki. Ushauri wa kwanza, wanawake, viatu vya kisigino hapana! Mawe ya barabara ya kule juu hayana huruma, na kupanda kwenda kwenye ngome ni mlima kweli, nilipanda nikiwa nimeshika viatu mkononi na nguo ya arusi.

Lakini pandeni. Ndani ya ngome kuna musée ya chuo kikuu. Nilitafuta farasi wao watu wanamsifu, nikazunguka nikidhani ni sanamu kubwa, kumbe ni kadogo, hakafiki hata sentimita 5, kamechongwa kwa pembe ya mamuthi, ile tembo ya zamani yenye manyoya, na kana miaka karibu 40,000. Shingo imepinda vizuri, unaona kabisa mwenye kuchonga alikuwa anawapenda farasi. Miguu imekatika. Nilisimama hapo hata sikujua muda, mpaka mlinzi akaja kuniambia wanafunga.

Na mimi kama nesi kilichonishangaza ni jiko. Zamani jiko la hiyo ngome lilikuwa laboratware ya chuo, na mwaka 1869 kijana mmoja Mswisi, Miescher, alikuwa anakusanya bandeji chafu za hospitali, anaosha usaha, anatafuta ndani ya seli mna nini. Ndipo akapata kitu kipya akakiita nukleini, hiyo ndiyo leo tunaita DNA. Kwa usaha! Sisi bandeji hizo tunatupa tumeziba pua.

fundi_saa
Kama jina langu linavyosema, mimi nilikwenda kwa ajili ya saa ya manispaa, ile ya sokoni. Jengo ni la 1435, saa ni ya 1511, inaonyesha mpaka mwendo wa mwezi. Nilikaa nayo saa nzima, sina zaidi.

Ah kuna kitu, karibu na kanisa kubwa kuna nyumba ina kibao kuwa hapa aliishi Goethe, yule mwandishi maarufu wa Kijerumani, alipita mjini 1797 kwa siku chache. Nyumba ya jirani nao wanafunzi wakaweka chao: hapa Goethe alitapika. Mji una wakazi kama 90,000 na karibu theluthi ni wanafunzi, mnategemea nini.

mdogo_wa_K
Kaka nimesoma wote. Shela_damu, nikifika Oktoba mitumbwi itakuwepo bado ama nisubiri mpaka joto?

Shela_damu
Oktoba mwanzoni unaweza bahatisha siku yenye jua. Njoo inbox nikuunganishe na wale jamaa. Ila usiwaambie umetumwa na kapteni, watakunyima upondo.