Pampu ya joto inayotumia gesi: itafaa nyumba ya Molo?

Mkaazi wa Molo:
Hamjambo wenzangu. Mama yangu ana miaka 78, na baridi ya Julai humfanya atamani kulala na jiko la makaa chumbani, jambo nililolikataza kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini. Nimesoma kwamba Ulaya wanaunda pampu za joto zinazotumia gesi badala ya stima. Je, moto wa gesi huvutaje joto kutoka nje kwenye baridi, na je, mtambo huo utatufaa?

Fundi wa friji, Nakuru:
Ndugu, umewahi kuona friji ya gesi, ile isiyo na kompresa, yenye kimuali cha buluu nyuma? Ni kazi ileile. Moto huchemsha mchanganyiko wa amonia na maji. Amonia hutoka ikiwa mvuke, hupoa na kuwa kimiminika huku ikiliachia nyumba joto lake, kisha huenda kwenye mabomba ya nje. Kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, hata hewa ya alfajiri ya Molo huichemsha. Mvuke huo hunywewa tena na maji, na hapo pia joto hutoka. Ndiyo maana yuniti 1 ya gesi huweza kutoa joto la yuniti 1.4 hivi. Ila amonia ni sumu na hula shaba, kwa hiyo mabomba yote huwa ya chuma; mimi ninayechomelea shaba kila siku siwezi kuugusa mtambo huo.

Mwalimu wa fizikia, Kisumu:
Fundi ameeleza vyema, lakini hesabu inakataa. Mtungi wa kilo 13 una nishati ya yuniti 166 hivi, ambazo kwa pampu hiyo zitakupa joto la yuniti 230. Pampu ya stima, inayoleta yuniti 3 kwa kila 1, itahitaji yuniti 77 tu za tokeni. Linganisha bei. Mitambo hii inawalenga watu kama wa Uingereza, ambao gesi huwafikia kwa bomba na kwa bei ya chini kuliko stima. (Hesabu yangu haijui stima ya Molo hupotea mara ngapi.)

Mkaazi wa Molo:
Kila mvua ikinyesha, Mwalimu. Tena chumba cha Mama hakina dari. Mabati huyaona akiwa kitandani.

Fundi wa friji, Nakuru:
Basi piga dari kwanza. Joto la mtambo wowote litapitia hapo kabla Mama hajajifunika blanketi.