Naombeni ushauri: filta ya polaraiza inaniharibia anga kwenye lenzi ya mm 16

Majaruba
Wakuu, salaam. Juzi niliamka saa kumi alfajiri nikaenda mashamba ya mpunga ya Mabogini, kusini mwa Moshi, kuipiga picha Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kabla haijajifunika. Maji yametulia, theluji inaonekana vizuri. Kamera ni fremu kamili (yenye kihisi kikubwa), lenzi pana ya mm 16, na filta ya polaraiza, ile ya kukata mng'ao na kukoleza anga, nikaizungusha mpaka buluu ikaiva. Kufika nyumbani nafungua picha: juu ya mlima kuna mkanda mweusimweusi umesimama kama nguzo, pembeni anga imepauka. Kona nne nazo zina giza. Filta hii nimeinunua kwa pesa ya harusi mbili, inaniuma kweli. Ni mbovu?

Mzee wa Alfajiri
Si mbovu, mdogo wangu. Filta hukoleza zaidi sehemu ya anga iliyo nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Jua lilikuwa mashariki, wewe unatazama kaskazini, kwa hiyo mkanda umeangukia Kibo palepale. Lenzi ya mm 16 inameza nyuzi 97 kwa upana, lazima ushike penye nguvu na pasipo na nguvu kwa pamoja. Siku nyingine fanya hivi: elekeza kidole cha shahada kwenye jua, simamisha gumba, kisha zungusha kiganja. Gumba linakopita ndiko anga itakakokolea.

Lenzi na Miguu
Kona ni pete ya filta, nene mno kwa lenzi pana. Kama chini yake umeacha filta ya kinga, itoe. Ukihitaji anga ya buluu vuta hadi mm 24 na zaidi, halafu zungusha nusu tu. Na usidhani kuunga picha kadhaa kutakuokoa, mkanda utauona vizuri zaidi.

Binti Materuni
Jamani msimwambie aitupe. Mimi kwenye maporomoko ya Materuni siivui. Majani ya migomba yaliyolowa yana mng'ao mweupe unaoficha kijani. Zungusha taratibu uone rangi inavyorudi, na mawe chini ya maji yanatokea. Anga haimo kwenye fremu, mkanda utoke wapi? Beba stendi tu, maana filta inakula stopu moja hadi mbili za mwanga (kila stopu ni nusu ya mwanga).

Mzee wa Alfajiri
Binti kasema kweli. Niongeze: jua likiwa utosini, kama Machi na mwanzoni mwa Oktoba huku kwetu, ukanda wenye nguvu hulala kwenye upeo pande zote, nguzo haipo. Tatizo saa hizo Kibo huwa ndani ya mawingu.

Majaruba
Asanteni sana. Leo nimerudi Mabogini nikapiga bila filta, anga imekaa sawa mwisho hadi mwisho. Kisha nikaivalisha na kuinamisha lenzi kwenye jaruba: mng'ao umeondoka, nikaona matope na mizizi ya mpunga chini. Jumamosi naenda Materuni.