Njia za kukimbia Kisumu zenye mandhari ya ziwa: ipi asubuhi, ipi jioni?

Kanyaga_Taratibu

Habari zenu wakuu. Nahamia Kisumu kutoka Nakuru mwisho wa mwezi, makao upande wa Milimani. Mazoezi yangu ni kilomita 8 hadi 10 siku tatu kwa wiki, na 16 Jumamosi zenye mlima kidogo. Nataka njia ambazo Ziwa Victoria linaonekana, si kuzunguka uwanja. Je, Dunga kunakimbilika saa 11 alfajiri? Kuna mlima wa maana karibu na mji? Na jioni baada ya kazi watu hukimbilia wapi?

JaDunga

Karibu sana. Kwa mtu wa Milimani, njia nzuri kuliko zote iko mlangoni. Teremka uelekee ziwani, pita lango la Impala Park, endelea hadi Hippo Point, sehemu ya ufuo yenye viboko, kisha ufuate barabara hadi ufuo wa Dunga wavuvi wanaposhushia samaki, ugeuze. Kwenda na kurudi ni kati ya kilomita 8 na 10 kutegemea mtaa unaoanzia. Karibu yote ni tambarare, na ziwa liko mkono wa kulia ukienda.

Saa 11 alfajiri, hapana. Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi na hurudi kunapopambazuka. Saa hiyo ndiyo yake ya kurudi, na wewe utakuwa umejiweka kati yake na maji, mahali pabaya kuliko pote. Kwa masafa mafupi anafika kasi ya kilomita 30 kwa saa, kwa hiyo usijidanganye na muda wako wa kilomita 10. Huku jua huchomoza kati ya saa 12:20 na 12:55 mwaka mzima. Mwezi wa Novemba ndio linawahi, Februari ndio linachelewa. Ukitoka Milimani saa 12:15 utafika Hippo Point kumekucha. Februari ngoja saa 12:30.

Halafu zoea kusoma ardhi kila unapokaribia majani marefu. Njia ya ng'ombe huwa mfereji mmoja. Ya kiboko ni mifereji miwili iliyokwenda sambamba, na katikati tuta la nyasi ambalo halijakanyagwa, maana miguu yake imeachana. Ukiona na kinyesi kimetapanywa juu ya vichaka kana kwamba mtu amerusha tope kwa koleo, hapo dume amepita akipiga mkia. Tope likiwa bado linang'aa, geuza, hata kama saa yako inasema bado mita 300.

Ufuoni punguza mwendo. Kuna bodaboda wamebeba makreti ya samaki, na omena (dagaa wa ziwani) huanikwa chini juu ya nyavu. Ukiwakanyaga umekanyaga riziki ya mtu. Ile njia ya mbao inayoingia kwenye mafunjo ni ya kutembea. Asubuhi mbao zina umande na zinateleza kama sabuni.

Na tafadhali usiingie ziwani kuosha miguu baada ya mbio. Kichocho huingia kupitia ngozi, na konokono wanaokibeba hupenda maji ya kina kifupi yenye majani, yaani palepale unapotamani kusimama.

Mteremko_Unauma

Kuhusu mlima: Riat. Toka Mamboleo, pembeni ya mji, ushike barabara ya Kakamega kuelekea Kiboswa. Unapanda zaidi ya mita 200, na mpando hauna pumziko la maana hadi ufike juu. Ukigeuka nyuma unaona mji wote, uwanja wa ndege na Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa unaofika Kisumu, hadi upeo wa macho. Wakati mwingine gugu maji limefunika sehemu ya ghuba, na ukiwa mgeni utaapa ni uwanja wa nyasi.

Usipande kwa kuangalia kasi kwenye saa. Panda kwa pumzi: kama huwezi kutamka sentensi ya maneno matano bila kukatika, umekwenda haraka. Fupisha hatua, usiongeze nguvu. Wengi huharibu siku kwenye kilomita ya kwanza ya mpando kwa sababu wametoka tambarare wakiwa wepesi.

Usipande matatu hadi Kiboswa ukateremka tu kwa kudhani ni mazoezi mepesi. Mteremko ndio unaovunja nyuzi za misuli ya mbele ya paja, na maumivu yenyewe huja siku ya pili, si siku ileile. Teremka kwa hatua fupi za haraka, mguu utue chini ya mwili, si mbele yake.

Barabara ile ina malori na matatu za haraka. Kwa kuwa magari yetu hushika kushoto, wewe shika kulia uyaone yanakuja. Hapo kuna tatizo lingine: lami imeinama kuelekea pembeni ili maji yatiririke, kwa hiyo mguu wa kulia hutua chini kidogo kuliko wa kushoto, hatua baada ya hatua, kilomita zote. Maumivu ya upande wa nje wa goti la kulia mara nyingi yanatoka hapo. Palipo na bega la udongo lililo sawa, kimbilia hapo. Kwenye mitaa tulivu ya Milimani unaweza kupishana pande.

Upepo_wa_Winam

Wenzangu wamesahau kumwambia jambo la kwanza. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130. Atadhani akishuka atapaa. Pumzi itakuwa nzuri, ndiyo, lakini joto na unyevu vitamkata. Jasho halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Kwa siku 10 hadi 14 za kwanza punguza kasi, na usiguse Riat kabisa. Mwili ukizoea utaanza kutoka jasho mapema na kupoteza chumvi kidogo.

Kujua unapoteza maji kiasi gani: jipime bila nguo kabla na baada ya saa moja ya mbio. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja, ukijumlisha na ulichokunywa njiani. Mbio ikizidi saa moja na nusu, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimefutwa juu viwe sawa. Chumvi ikizidi hapo, tumbo litakugeuka.

Sasa jioni. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kuanzia kama saa 5 hivi unageuka, unavuma kutoka ziwani. Kwa hiyo jioni ukienda Dunga upepo uko usoni, ukirudi uko mgongoni. Watu hufurahia kurudi na upepo, lakini ukikimbia kwa kasi sawa na upepo hakuna hewa inayokupita, na hapo ndipo joto linapokupata. Maji ya kujimwagia kichwani yaweke kwa ajili ya kurudi.

Msimu wa mvua, Machi hadi Mei hasa, angalia milima ya Nandi kabla ya kutoka. Wingu jeusi likisimama huko baada ya saa 9, mara nyingi linateremka mjini jioni. Ukiona radi hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita 1. Chini ya sekunde 30, ingia ndani ya nyumba au gari. Mwembe si mwavuli, na ufuoni wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote.

Kisha kuna vijidudu vya ziwa, hasa siku chache baada ya mwezi mwandamo. Vinapanda kutoka majini kama moshi wa tanuri. Haviumi, ila vinajaa mdomoni na machoni. Vaa miwani isiyo ya giza, upumue kwa pua, na wingu likikaribia ingia mitaa ya ndani ya Milimani hadi lipite.

Kanyaga_Taratibu

Asanteni sana. Kumbe jioni Dunga inawezekana, mradi niwahi? Na huo mteremko wa Riat, kuna namna ya kuokoa kucha? Kucha za vidole gumba tayari ni nyeusi.

JaDunga

Inawezekana. Jua huzama kati ya saa 12:30 na saa 1 usiku. Uwe umeshaipita Hippo Point kurudi mjini jua likiwa bado juu ya maji, si baada ya kupiga picha ya machweo. Huku giza halibishi hodi, dakika ishirini tu limeingia. Ukichelewa kazini, baki Milimani uzunguke mitaa.

Mteremko_Unauma

Kucha huwa nyeusi kwa sababu mguu unateleza mbele ndani ya kiatu. Mambo mawili. Kata kucha fupi siku moja kabla, si asubuhi ileile. Pili, tumia lile tundu la mwisho la kamba karibu na kifundo, ambalo watu huliacha wazi:

Kamba ikifika tundu la pili kutoka juu, usiivushe. Iingize kwenye tundu la mwisho la upande uleule, ukiacha kitanzi kidogo nje. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Sasa vusha kila ncha uipitishe ndani ya kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini kisha juu, ufunge kama kawaida. Kisigino kitashikwa bila kubana juu ya mguu. Kama kidole bado kinagonga, kiatu ni kidogo: ukisimama lazima ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba mbele.

Raba_za_Kibuye

Akihitaji viatu, soko la Kibuye Jumapili asubuhi mitumba iko mingi, ila asinunue kwa kuangalia usafi, maana wanaviosha vinang'aa. Weka kiatu juu ya meza ukitazame kwa nyuma: kikilala upande mmoja, kiache. Tazama ubavu wa soli ya kati, ile ya povu. Mikunjo mingi ya mlalo maana yake imeshalala na hairudi. Ibonyeze kwa kidole gumba, inapaswa kubonyea na kurudi. Kunja kiatu mbele usikilize. Gundi iliyokauka hulia kwanza, soli hubanduka wiki inayofuata, na joto la lami la saa 7 mchana humaliza kazi.

Na asije na viatu vyeupe. Akitoka lami upande wa tambarare ya Kano baada ya mvua, ule udongo mweusi hushika soli hadi kila mguu uwe mzito kama jiwe la kusagia. Siku hizo abaki kwenye lami.

Upepo_wa_Winam

Kwa zile 16 za Jumamosi: wiki mbili za kwanza nenda Dunga mara moja, kisha jazia mitaani Milimani hadi zitimie, ili maji uyaache nyumbani uyapitie katikati. Wiki ya tatu anza Mamboleo saa 12:15, panda kilomita 4 tu, teremka, rudia nusu ya mpando, kisha jazia tambarare hadi zitimie. Ukimaliza kabla ya saa 2 utakuwa umelikwepa jua na malori pia.