Tupeane uzoefu: uliambiwa "watu wa kwenu hawawezi", mtihani ulikwendaje?

Mnubi_wa_Bombo: Nianze mimi. Nyumbani, hapa Uganda, tulizungumza Kinubi (lugha yetu Wanubi) na Kiswahili. Nikiwa Senior One (kidato cha kwanza), mwalimu wa hesabu alinisikia nikisalimia kwa Kiswahili, akasema, "Hiyo lugha ya wanajeshi na wezi." Darasa likaangua kicheko. Tangu hapo, kwenye mtihani wake, swali la kwanza nalisoma mara tatu na peni inateleza kwa jasho. Maswali yale yale bwenini nawafundisha wenzangu.

Makerere ndiko nilikosoma habari za Steele na Aronson, Marekani, 1995. Wanafunzi Weusi wa Stanford walipoambiwa mtihani unapima uwezo wao, walifanya vibaya kuliko walipoambiwa ni maswali ya utafiti tu. (Waliorudia majaribio ya aina hii baadaye, wengine wamepata athari ndogo sana, kwa hiyo msisingizie kila F9, alama ya kufeli.) Haya, leteni zenu.

Moroto_kwetu: Mimi Mkaramojong, kwetu ni wafugaji wa ng'ombe, nimesomea Kampala. Nikinyoosha mkono tu, nyuma mtu analia kama ng'ombe. Nikaacha kunyoosha. Kwenye kemia sikujua "mole" ni kitu gani mpaka Senior Four, na sikuthubutu kuuliza.

Dada_PCM: Wasichana tunaongezewa pointi 1.5 kuingia Makerere, tangu 1990. Mimi hata bila hizo ningeingia, lakini nani alitaka kusikia? Nikikosea maabara, "ndizo hizo 1.5". Nikipatia, nimenakili kwa mvulana. Nilikuwa napima kitu kimoja mara nne, muda unaisha ripoti haijakamilika.

Boda_msomi: Mimi nilifeli kwa uvivu wangu mwenyewe, kabila langu halihusiki 😂

Ticha_Arua: Mnanichoma. Nafundisha Kiswahili, kile kilichofanywa cha lazima Senior One na Two kwenye mtaala wa 2020. Muhula uliopita msichana Mganda alisoma kwa sauti, badala ya "kupiga kura" akasema "kupiga kula". Nikatania, "Waganda na hiyo L yenu!" Wakacheka, nami nikacheka. Hakusoma tena. Zamu yake ikifika anasema koo linamuuma.

Mnubi_wa_Bombo: Ticha, umeshamwomba radhi?

Ticha_Arua: Bado. Tunafungua Jumatatu.