Laiseni ninayo, kazi sina: nijitolee bure ama nilipe huyu mtu wa "slot"?

BintiMtongwe

Habarini wote. Samahanini itakua ndefu lakini nshachoka kuongea na dari usiku.

Nilimaliza diploma ya uuguzi mwaka jana, mtihani wa NCK, baraza la manesi la Kenya, nikapita mara ya kwanza, laiseni ikatoka, na siku ile babangu alichinja kuku wawili akaita mpaka watu wa mtaa wa pili, akawa anawaambia "mwaona, saa hii tukiumwa hatupangi foleni tena." Sasa huu ni mwezi wa tisa na anaepanga foleni ni mimi.

Nimezunguka na bahasha za khaki kutoka Likoni mpaka Mtwapa. Navuka feri saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijachoma, kwa sababu nkifika kwa ofisi za watu jasho lanitiririka najiona mnyonge hata kabla sijasalimia. Kuna hospitali moja ya binafsi, siitaji, askari wa getini alinipokea vizuri sana akanambia "weka hapa dadangu", akafungua sanduku la mbao lile la maoni, nikaona bahasha kama yangu zimejaa mpaka zimejipinda, moja ishaliwa na mende pembeni. Pale nilicheka. Kwa steji ya matatu ndo nililia.

Kila mahali jibu ni moja, twataka uzoefu wa miaka miwili. Sasa huo uzoefu nitautoa wapi kama hakuna anaeniruhusu niuanze?

Wiki hii yamekuja mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kliniki moja ya Kisauni wamenambia nije nijitolee miezi sita, hakuna mshahara, hakuna nauli, saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Feri twavuka bure lakini matatu za huku na huku kwenda na kurudi hazipungui mia mbili kwa siku, na mimi hizo mia mbili naomba kwa mamangu anaeuza mahamri. La pili, ami yangu amejuana na mtu asema ana slot, yani nafasi ya kazi ya kaunti ya kununua, laki moja na nusu, nusu kwanza nusu baada ya barua. Mama ataka kutoa pesa za chama. Baba hasemi kitu lakini juzi nilimsikia akiuliza bei ya kile kiwanja cha Kwale chenye minazi.

HELB, wale wa mkopo wa masomo, nao washaanza kunitumia meseji kama mchumba alieachwa.

Naomba ushauri wa mtu aliepitia, sio wa "kaza buti". Buti nshakaza mpaka zimekatika.

---

Nesi_wa_Usiku

Pole mamii. Naanza na huyo mtu wa slot kwa sababu hilo ndo lina haraka: usimpe hata ya soda, na mwambie babako asiuze mnazi hata mmoja.

Mimi nilitoa elfu sitini. Barua nililetewa kweli, ina muhuri, ina saini ya wino wa kijani, mpaka nambari ya kumbukumbu ina. Nikavaa vizuri nikaenda nayo ofisini kuripoti. Yule mama wa mapokezi aliigeuza mara moja tu, hata hakuisoma, akanambia "mwanangu, hii ni ya tatu wiki hii." Nikampigia jamaa pale pale nje, mteja hapatikani, na mpaka leo hapatikani. Zile pesa zilikua za babu wa watu, alikua amewekea jicho lake la kushoto kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Nimelipa kidogo kidogo miaka miwili na bado nkimuona nainamisha kichwa.

Kazi za kaunti zatangazwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, wazi, unatuma maombi, wanaita watu kwa intavyuu, basi. Hakuna mahali pa kulipa pale katikati. Na ujue kwa nini ni chache: tangu 2013 afya ilipopelekwa kaunti, kuajiri manesi ni kazi ya kaunti, na kaunti zina kanuni kwamba mishahara isipite asilimia 35 ya mapato, na nyingi zishapita zamani. Ndo maana mtu akistaafu wodini kiti chake chaweza kukaa kitupu hata mwaka. Sasa mtu anaekwambia ana slot mfukoni, muulize ameitoa wapi wakati kaunti yenyewe inatafuta.

La kufanya, ingia kwa lokamu, zile zamu za kuziba pengo la mtu unalipwa kwa shifti. Usiende kuomba kazi, nenda kaombe shifti. Ni maombi mawili tofauti kabisa. Nenda pale utafute nesi in-chaji, yule msimamizi wa wodi, sio HR, umwambie mimi niko hapa Mtongwe, nina laiseni, mtu akikosa kuja niite hata saa nne usiku. Mimi nilianza na usiku wa Idd, watu wote wataka kula pilau kwao, nikalipwa elfu moja nikahisi nimeshinda bahati nasibu. Idd ya pili hawakuniuliza, waliniandika kwa ratiba.

---

KakaMikindani

Nyinyi watu wa diploma angalau mkipata laiseni mwaanza kuzunguka. Sisi wa digrii kwanza twangoja wizara itupange intanshipu mwaka mzima wa kazi, na kungoja kwenyewe hakuna anaekuambia ni lini. Mimi saa hii nakaanga viazi karai jioni hapa mtaani na nakwambia kweli, ukwaju wangu unajulikana kuliko digrii yangu. Kuna mzee huja kila siku aniita "daktari wa viazi".

Kinachoniuma sio kukosa kazi peke yake. Ni kwamba nlipokua kwa praktiko tulikua na wagonjwa wawili kitanda kimoja na nesi mmoja usiku kwa wodi nzima, anakimbia kama kuku, halafu huku nje manesi tumejaa twauza mitumba Kongowea. Yani kazi ipo!! Pesa ya kumlipa mtu ndo haipo, ama ipo imeenda kwengine. Na wale wenzetu wa UHC, mpango wa serikali wa afya kwa wote, walioajiriwa kwa kandarasi 2020, mpaka 2025 walikua wakikesha nje ya Afya House, makao ya wizara ya afya kule Nairobi wakidai ajira ya kudumu. Sasa hao ndo wenye kazi.

Kuhusu kujitolea mimi nasema USIENDE. Kila nesi anaekubali bure anamfunza tajiri kwamba nesi ni bure. Miezi sita ikiisha atakushukuru, amchukue mwengine wa bure. Mimi nimeona kliniki inaenda hivo mwaka wa tatu.

---

MamaMaternity

Kaka Mikindani nimekuelewa na nina hamu na hivo viazi, lakini acha niseme na mimi kwa sababu mimi ndo hufungua hizo bahasha. Ni in-chaji wa nyumba ndogo ya uzazi huku Kisiwani, vitanda kumi na viwili. Tukitangaza nafasi moja twapata bahasha mpaka naziweka kwa beseni la nguo.

Binti, ntakwambia yale sisi huongea tukifunga mlango. Bahasha nyingi hazifiki hata kusomwa. Mtu ameandika CV kurasa tano, ukurasa wa kwanza wote ni shule ya msingi na kwamba anapenda kusafiri na kuangalia mpira. Mimi nataka kuona kwa ukurasa mmoja: laiseni ipo na haijaisha, ulikaa wodi gani kwa praktiko na wiki ngapi, ulizalisha wangapi kwa mkono wako, wakaa wapi, nambari ya simu. Nambari! Nimepiga simu watu wanane mwaka huu, watano mteja hapatikani. Ukibadilisha laini rudi kule kote ulikopeleka.

Na usijichomeshe pesa za good conduct, kile cheti cha polisi, na makaratasi mengine yote kabla hujaitwa. Sheria ya ajira ilibadilishwa 2022, mwajiri hafai kukudai hizo kliarensi mpaka awe ashaamua kukupa kandarasi. Watu bado wanaitisha, najua, lakini ujue haki yako.

Sasa swali ninalouliza kwa intavyuu, na nauliza wote hili hili: ni saa tisa usiku, uko peke yako na mhudumu wa usafi, mama amejifungua salama mtoto ametoka kondo limetoka, dakika kumi baadae unafunua shuka unakuta damu inaelea. Ufanye nini? Watu huniimbia kitabu. "Upotevu wa damu unaozidi mililita mia tano..." Mama huyo ashakufa wewe bado unanipa maana. Mimi nataka nisikie: napiga kelele za msaada, mkono wangu uko juu ya tumbo nasugua uzazi mpaka ukaze, oksitosini ya kukaza uzazi yuniti 10 ya msuli, huyo mhudumu namwambia apige simu ya ambulensi, laini mbili za kanula kubwa, ile mirija ya mshipani, maji, namwangalia kondo kama limetoka lote, naangalia kama amechanika, traneksamiki ya kuzuia damu gramu moja kama iko na bado ni ndani ya masaa matatu. Na kuna kitu kimoja hapo katikati nimekiruka makusudi, karibu wote hukisahau, na hicho ndo hunionyesha nani alikua wodini kweli na nani alikua kwa simu. Sikisemi hapa.

Kuhusu kujitolea: miezi sita, masaa kumi na mawili, bila nauli, huo ni wizi, nakubaliana na Kaka. Lakini kukaa nyumbani nako mkono unakufa. Kanula ni kama kusuka, ukiacha mwaka vidole vinasahau. Kwa hivo nenda kajadiliane. Mwambie miezi miwili, siku nne kwa wiki, nauli na chakula cha mchana, na barua ya kuandikwa mwanzoni sio mwishoni, inaosema utakua idara gani. Na usikubali kuachwa zamu ya usiku peke yako, jambo likiharibika laiseni itakayoulizwa ni yako. Akikataa yote haya, basi ushajua alikua anatafuta nini.

---

MtuWaJeddah

Salam. Mimi ni wa Bombolulu lakini niko Saudia mwaka wa nne, ICU, wodi ya mahututi. Nawaona vijana wengi mnaambiwa "toka nje tu". Sawa, lakini huku nje nako wataka uzoefu huo huo! Saudia sanasana miaka miwili baada ya laiseni, halafu mtihani wa Prometric, ule wa kompyuta wa kupata laiseni ya huku, halafu vyeti vyako vinakaguliwa mmoja mmoja mpaka chuo kinapigiwa. Kwa hivo barua ya uzoefu ya kubuni kutoka kwa kliniki ya rafiki yako usijaribu, watu wamefungiwa kwa hiyo.

Ujerumani hawakazii sana uzoefu lakini wataka Kijerumani, na ukitaka kusajiliwa kama nesi kamili ni kiwango cha B2, hiyo sio ya kusoma kwa YouTube wiki tatu. Uingereza wamepunguza kuchukua manesi wa nje siku hizi. Na hili nasema kwa herufi kubwa, ile visa ya Uingereza ya kutunza wazee ILIFUNGWA kwa wanaoajiriwa kutoka nje tangu Julai 2025, kwa hivo ajenti yeyote anaekuuzia hiyo leo anakuuzia hewa. Ajenti yoyote kwanza muangalie kama amesajiliwa na NEA, mamlaka ya ajira ya serikali ya Kenya, kisha ndo muongee.

---

KakaMikindani

@MamaMaternity kwani nikuulize, mnachukua na wanaume kule uzazi? Nauliza serious.

---

MamaMaternity

Twachukua. Nina mmoja na akina mama wengine wamuitisha kwa jina, asema "yule kijana mpole". Wewe maliza intanshipu yako uje. Na ukwaju.

---

BintiMtongwe

Nimerudi. Wiki mbili zimepita, nilikua nasoma tu sina nguvu za kujibu.

Yule mtu wa slot, nilimwambia ami amwambie hivi: tutalipa yote laki na nusu, tena na elfu kumi juu, siku mshahara wa kwanza unaingia benki. Alijibu "hamko tayari nyinyi" na hajapiga tena. Mama amerudisha pesa kwa chama. Baba bado hajasema kitu lakini jana alienda Kwale akarudi na madafu sita, nadhani hilo ndo jibu lake.

Kliniki nilienda Jumatatu na masharti ya MamaMaternity nimeyaandika kwa karatasi, mikono yanitetemeka. Mwenye kliniki alicheka akaniuliza nani amenifunza maneno. Siku nne alikubali, miezi miwili alikubali, nauli mia mbili alikubali, chakula akasema nije nacho. Barua ananizungusha mpaka leo. Wako wagonjwa wa kutosha, kanula siku ya kwanza nilikosa mara mbili kwa mtoto wa miezi minane mpaka mamake akanivutia pumzi, siku ya nne niliingia mara moja. Lakini pia nlifungua friji ya chanjo Jumanne asubuhi, ile chati ya joto ilikua ishajazwa mpaka Ijumaa, zote nyuzi 4, kalamu moja, mkono mmoja. Nikafuta nikaanza kuandika ninachokiona. Kuna sista amekasirika na mimi tangu siku hiyo.

Kwa hivo sijui kama ntamaliza miezi miwili. Usiku nshaanza kuzunguka kutafuta shifti kama alivosema Nesi_wa_Usiku, sehemu mbili wamechukua nambari, na laini sibadilishi.

Na MamaMaternity, nimelifikiria swali lako kwa feri siku tatu. Ni kibofu. Kibofu kikijaa uzazi haukazi hata usugue mpaka asubuhi, yataka niingize mpira wa mkojo kitolewe kwanza. Sivo?

---

MamaMaternity

Hicho hicho. Kuna msichana wangu aenda likizo ya uzazi mwezi ujao, ni miezi mitatu ya usiku, mtakua wawili kwa zamu, haina ahadi baada ya hapo. Nimekutumia nambari inbox. Njoo na laiseni orijino, bahasha usilete.