Mrejesho: Kutoka udiwani hadi uandishi wa habari wa televisheni

Ndugu zangu, niliuliza kama diwani aliyemaliza muda wake anaweza kuwa mwandishi wa televisheni na akaaminika. Nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu.

Nilisoma kwanza stashahada ya uandishi wa habari, kama mlivyoshauri, kwa kuwa ndiyo inayodaiwa ili kupata ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi ya uandishi wa habari, chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016, kisha nikarudisha kadi ya chama kabla ya kuomba kazi. Aliyenitajia Brian Walden, mbunge wa Uingereza aliyejiuzulu mwaka 1977 akaenda kuendesha mahojiano ya siasa katika televisheni, alinitia moyo sana.

Kituo kimoja kimenipokea, na uzoefu wa vikao vya baraza unanifaa mno: nikipewa ripoti ya ukaguzi wa halmashauri, naenda moja kwa moja kwenye hoja zisizojibiwa. Mahojiano ya siasa, niliyoyatamani hasa, bado sijapewa, kwani mhariri anasema watazamaji wananikumbuka nikiwa na sare ya chama, nami naona hoja yake ni ya haki. Atakayefuata njia hii arudishe kadi kwa barua na kutunza nakala yenye mhuri, maana niliulizwa hiyo kwenye usaili.