Mwanza mpaka Dar kwa ndege ni muda gani hasa? Naombeni ushauri

Ngalawa86: Habari za jioni wakuu. Ndege ya Mwanza–Dar inatumia muda gani? Mmoja ananiambia kilomita 1,150, mwingine 850. Usingizi hauji.

Mama Kayenze: Wote wako sahihi. 1,150 hivi ni za barabara, kupitia Shinyanga, Singida na Dodoma. Ndege inakata moja kwa moja, kama 850. Angani ni saa moja na nusu hivi.

Bwana Stendi: Ndege ya nini? Panda basi mpaka Dodoma, lala, asubuhi chukua SGR. Mimi tangu treni ianze 2024 sijagusa tena basi la Dodoma–Dar. Mke wangu alibeba mayai ya safari, tukafika hajayamaliza.

Kijana wa Pasiansi: Mkuu, saa moja na nusu haimnyimi mtu usingizi. Funguka, Dar kuna nini?

Ngalawa86: Sawa. Natua saa 8:30 mchana, saa 10:15 jioni naunganisha kwenda Muscat. Kazi ya udereva.

Mama Kayenze: Tiketi moja au mbili?

Ngalawa86: Mbili, kampuni tofauti. Ilikuwa nafuu na nimeshalipa. Naona muda unatosha, nina mabegi mawili tu.

Mama Kayenze: Hautoshi mdogo wangu. Za ndani zinatua Terminal 2, za nje zinaondokea Terminal 3, jengo jingine kabisa. Mabegi unayachukua mwenyewe na kuyakabidhi upya. Kaunta kwa kawaida inafungwa saa moja kabla ya kuruka, kwa hiyo una dakika 45. Ya Mwanza ikichelewa, kampuni ya pili haina deni na wewe.

Mpenda Haki: Mkataba umeusoma? Vijana mnakimbilia Uarabuni bila kujua mshahara. Paspoti usimwachie mtu.

Sangara Mkavu: Chai hii. Wiki jana kwenye uzi wa dhahabu ulisema uko Geita, ndege unaziona zikipita tu. Leo Muscat?

Bwana Stendi: Nami nimeshtuka. Mtu wa Geita si angepandia Chato?

Ngalawa86: Niko Geita kweli na sijawahi kupanda ndege, ndiyo maana nauliza. Nimepata ya kutokea Mwanza, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna kusubiri kivuko. Niiteni muongo, safari ni Jumamosi.

Sangara Mkavu: Weka picha ya tiketi.

Mama Kayenze: Usiweke, namba ikionekana mtu anaweza kukuvurugia safari. Piga simu leo, ya Mwanza iwe Ijumaa, ulale Dar. Banana kuna nyumba za wageni karibu na uwanja.

Ngalawa86: Wakitoza faini ya kubadilisha?

Mama Kayenze: Lipa. Tiketi mpya ya Muscat ni ghali zaidi. Ijumaa ikiwa imejaa, ulizia ya Jumamosi alfajiri.